Somo: Risasi inagoma, fataki ina alama tu. Soma hapa kabla hujanunua springi

Swali ni lilelile kila mara: "Bunduki yangu ya boliti inalia ta! halafu kimya, ninunue springi gani?" Nimechoka kulijibu kipande kipande. Naliweka lote hapa, na atakayeuliza tena nitamrudisha huku.

Tuelewane kwanza: fataki ni kile kidude cha duara katikati ya kitako cha ganda la risasi; kikigongwa ndicho kinachowasha baruti. Boliti ni kile chuma unachokivuta nyuma na kukisukuma mbele kufunga chemba, yaani pale risasi inapokaa. Pini, iliyo ndani ya boliti pamoja na springi yake, ndiyo inayoigonga.

1. Risasi ikigoma, usiguse boliti. Mtutu ubaki umeelekea shabaha, hesabu sekunde 30, ndipo ufungue huku uso ukiwa pembeni. Kuna fataki zinazochelewa kuwaka. Ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, usipige nyingine kabisa, kwani kichwa cha risasi huenda kimekwama. Hakikisha chemba ni tupu, toa boliti, chungulia mtutuni kutokea nyuma uone mwanga.

2. Toa risasi zote. Mezani isibaki hata moja.

3. Itazame ile fataki iliyogoma. Hapa ndipo wengi wanaruka. Shimo la kina kizuri na bado haikuwaka: lawama ni ya risasi, pini imefanya kazi yake. Kijishimo cha juujuu: pini imefika bila nguvu, au haikufika vya kutosha. Hakuna alama: pini imevunjika, imekwama, au boliti haikufunga. Alama iliyo pembeni kidogo kwa kawaida siyo inayogomesha. Ukiweza, jaribu risasi za boksi jingine. Zikiwaka zote, umeokoa pesa ya springi.

4. Fungua boliti kwa kufuata kitabu chake. Vaa miwani, springi imebanwa humo.

5. Safisha ndani ya boliti. Ningeruhusiwa kuandika hatua moja tu, ningeandika hii. Mafuta yaliyopulizwa humo miaka nenda miaka rudi huganda na vumbi na masizi, yakawa utando wa kahawia unaonata kwenye pini na katikati ya mikunjo ya springi. Pini inasafiri umbali mdogo sana, ikikwaruzana na utando huo inafika imechoka. Kwenye baridi ni mbaya zaidi, ndiyo maana bunduki inapiga vizuri mchana na kugoma alfajiri. Osha pini, springi na tundu la boliti kwa dawa ya kuyeyusha mafuta, mbali na moto, futa mpaka kitambaa kitoke cheupe, acha vikauke kabisa.

ONYO: usipake mafuta mengi tena! Pitisha kitambaa chenye unyevu wa mafuta mepesi, basi. Grisi ni ya yale meno yanayoifunga boliti, haiingii kwenye tundu la pini. Na usipulizie mafuta ya kupenyeza karibu na risasi, yanaweza kuingia kwenye fataki na kuiua.

6. Pima pini inavyochomoza usoni mwa boliti ikiwa imeachiwa. Bunduki nyingi ni kati ya milimita 1.3 na 1.6 hivi, ila kipimo cha kitabu chako ndicho sheria. Ncha iwe ya mviringo na laini. Ikiwa imemeguka, badilisha pini, usiichonge kwa tupa.

7. Bado inagoma? Sasa ndiyo springi. Ikishindikana, mpelekee fundi apime nafasi kati ya uso wa boliti na kitako cha risasi, kwa geji.

MASWALI

— Sijasoma yote mkuu, niko kazini. Springi gani ni nzuri?
Hatua ya 5.

— Yangu naijaza mafuta tangu zamani na haijawahi kugoma. Unatutisha.
Sijasema itagoma leo. Fungua boliti, pitisha kitambaa cheupe, tuletee picha.

— Zangu zinawaka, lakini fataki inatoka na kitundu katikati. Ni pini kali?
Swali zuri. Inaweza kuwa pini kali au ndefu mno, au tundu la pini limepanuka, au shinikizo la risasi limezidi. Angalia fataki kama imelala bapa na boliti kama inafunguka kwa shida. Ukiviona hivyo, acha kutumia risasi hizo. Shida ni kwamba gesi ya moto inayopita kwenye kitundu inaila ncha ya pini, ncha ikiwa na makovu inatoboa fataki zinazofuata. Kwa hiyo angalia vyote viwili. Na miwani, kila mara: gesi hiyo inarudi upande wa uso wako.

— Najaza risasi mwenyewe. Zinagoma pigo la kwanza, la pili zinawaka.
Fataki hukuzisukuma mpaka chini. Pigo la kwanza linamalizia kuzikalisha, la pili linawasha. Pitisha kidole kwenye kitako cha ganda: fataki iwe chini kidogo ya usawa. Iliyochomoza usiigongegonge, weka risasi hiyo kando.

— Mimi nina Mosin-Nagant ya zamani, ile ya boliti ya jeshi la Urusi. Pini inapimwaje?
Bahati yako. Kifaa chake cha asili kina mapengo mawili ya kupimia, moja limeandikwa 75 na jingine 95: pini iguse kwenye la 75, isiguse kwenye la 95. Urefu unaurekebisha kwa kuizungusha pini. Na kama unapiga risasi za jeshi za zamani, fataki nyingi za wakati huo zinaacha chumvi. Mafuta hayaiyeyushi. Maji ya moto mtutuni na usoni mwa boliti siku hiyohiyo, kausha, ndipo upake mafuta.

— Hata ncha ya pini?
Hata hiyo. Kutu huanzia hapo.

— Kwa hiyo springi ninunue au nisinunue?
Wewe ndiye uliyekuwa kazini? Hatua ya 3, halafu ya 5.