Kuinyoosha meza ya kuteleza ya msumeno: anza na reli, kiegemeo baadaye

Meza ya kuteleza inayofungwa ubavuni mwa msumeno wa meza humfaa sana anayekata mbao pana na plaiwudi. Shida ni kwamba mara nyingi hufungwa haraka haraka, halafu pembe zikianza kutoka mbovu mtu hukimbilia kugeuza kiegemeo, yaani ule ubao au chuma unachoegemezea mbao. Ukikinyoosha kiegemeo juu ya meza inayocheza, pembe uliyoipata asubuhi jioni huikuti. Ndiyo maana naanzia chini kwenye reli, na kiegemeo nakigusa mwishoni.

Andaa spana, skwea unayoiamini, rula ndefu ya chuma, vernia ya kupimia upana, fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mapengo), klampu mbili na kipande cha plaiwudi cha 18 mm kilichonyooka. Chomoa plagi kabisa. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, maana mikono itakuwa karibu na bledi muda mrefu.

Hatua ya 1: Safisha reli, ondoa mchezo

Itoe meza kwenye reli ukiweza. Vumbi la mbao likikutana na grisi huwa tope gumu jeusi linaloganda pale beringi zinapopita, na meza huanza kuruka kidogo kila ikifika hapo. Likwangue kwa kijiti, si kwa bisibisi, kisha pangusa reli kwa kitambaa chenye spiriti. Usirudishe grisi wala oili. Paka nta kavu, iache ikauke, ifute mpaka ing'ae. Nta haishiki vumbi.

Sasa shika meza kwenye kona zake na uitikise juu, chini na pembeni. Ikigonga, inacheza. Meza nyingi zina beringi mbili au zaidi ambazo bolti zake hazikupita katikati: ukiilegeza nati na kuizungusha bolti, beringi husogea kuikaribia reli au kuiacha. Zungusha kidogo, kaza nati, jaribu. Kipimo changu ni cha vidole: bana beringi kwa vidole viwili huku mkono mwingine ukisukuma meza taratibu. Ukiweza kuizuia isizunguke, lakini kwa taabu kidogo, imekaa vizuri. Ukiizuia bila kuhisi chochote, bado imelegea. Ikikushinda kabisa, umeibana mno na itakula reli.

Kama meza yako haina bolti za aina hiyo, kata ukanda wa bati kutoka kwenye kopo la kinywaji (unene wake ni kama 0.1 mm) na uuweke chini ya kishikio cha beringi.

Hatua ya 2: Mwendo wa meza uwe sambamba na bledi

Hapa ndipo wengi huruka, na ndipo penye siri ya mkato safi. Funga kijiti kwenye meza ya kuteleza kwa klampu, na kwenye ncha yake kaza skrubu inayoelekea bledi. Weka alama ya kalamu kwenye jino moja. Lilete jino hilo mbele, sogeza meza mpaka skrubu iwe mkabala nalo, kisha rekebisha skrubu iliguse kwa mbali. Zungusha bledi kwa mkono mpaka jino lilelile liwe nyuma, sukuma meza, upime pengo kwa fila geji. Tumia jino lilelile kwa sababu bledi yenyewe inaweza kuwa imepinda kidogo, na ukibadilisha jino utakuwa unapima bledi badala ya reli.

Pakiwa na tofauti, legeza bolti zinazoshika reli kwenye mwili wa msumeno, ongeza washa nyembamba upande unaohitaji, kaza, pima tena. Pengo dogo upande wa nyuma, kama 0.05 mm, halina neno. Kinachodhuru ni nyuma kubana: meno ya nyuma huwa yanapanda, kwa hiyo huinua nyuzi za mbao upande wa juu na kuacha ukingo wenye manyoya.

Hatua ya 3: Urefu

Lalisha rula ya chuma kutoka meza ya kuteleza hadi meza kuu. Ya kuteleza iwe juu kwa unene wa karatasi moja au mbili za kuchapia, ili ubao usikwaruze meza kuu unaposafiri. Ikiwa chini, ubao utakwama njiani.

Hatua ya 4: Nyoosha kiegemeo kwa mikato mitano

Skwea ianzishe kazi, mikato iimalize. Chukua plaiwudi ya karibu 400 mm kila upande na uandike pande 1 hadi 4. Rudisha umeme, kata upande wa 1. Geuza upande uliokatwa uegemee kiegemeo, kata wa 2, endelea hivyo hadi wa 4. Mkato wa tano urudie upande wa 1, safari hii utoe ukanda wa upana wa 25 mm hivi. Usiuguse mpaka bledi isimame.

Pima upana wa ukanda huo kwenye ncha zote mbili. Tuseme ncha moja ni 25.6 mm na nyingine 24.8 mm. Tofauti ni 0.8 mm, lakini kosa limejirundika mara nne, kwa hiyo kosa halisi ni 0.2 mm katika urefu wa 400 mm. Kama kutoka bolti ya mhimili wa kiegemeo hadi bolti ya kurekebishia ni 600 mm, kisogeze 0.3 mm pale kwenye bolti ya kurekebishia. Funga kipande cha mbao kikigusa kiegemeo kwa nyuma au mbele, ingiza fila geji ya 0.3 mm kati yao, sogeza, kaza. Rudia mikato. Tofauti ikiongezeka, umesogeza upande usio wake.

Hatua ya 5: Uso wa mbao na kizuizi

Kiegemeo cha alumini kinateleza na hakifiki kwenye bledi. Kifungie uso wa plaiwudi wa kimo cha 70 mm hivi, kwa bolti zinazotoka nyuma kupitia matundu marefu ili uweze kuusogeza ukichakaa. Uache upite kidogo njia ya bledi, kisha ukate. Ukingo unaopatikana unakuonyesha bledi inapita wapi hasa, unaweka alama ya penseli hapo na kukata bila kubahatisha. Pia unashika nyuzi za nyuma zisichanike. Randa ukingo wa chini kwa mshazari wa 3 mm ili vumbi lipate pa kwenda. Bila huo, chembe moja ya vumbi inakuharibia kazi yote ya hatua ya 4. Nikikata mbao laini huongeza msasa namba 150 kwenye uso huo kwa gundi.

Kizuizi cha urefu ni kipande cha mbao ngumu tu, kikishikwa kwa bolti kwenye mfereji wa juu wa kiegemeo, na kona yake ya chini imekatwa kwa sababu ileile ya vumbi. Usitumie kiegemeo cha kupasulia, yaani kile cha meza kuu kinachokaa sambamba na bledi, kuwa kizuizi cha urefu wakati unakata kwa meza ya kuteleza. Kipande kilichokatika hubaki kimenaswa kati yake na bledi, na bledi hukirusha kukuelekea. Ukilazimika, funga kipande cha mbao kwenye kiegemeo hicho kiishie kabla ya bledi, ubao ukiguse mwanzoni tu kisha uachane nacho.

Mwisho, kaza bolti ya kuzuia kwenye kila ncha ya reli ili meza isichomoke na mbao nzito. Baada ya kazi chache za kwanza rudi na spana kwenye nati za beringi, kwa sababu ndizo hulegea mapema kuliko nyingine.