Hatua kwa hatua: namna ya kujua kama dawa yako imetibu fizi au fizi zimepona zenyewe

Juzi kijana mmoja niliyewahi kumfundisha kliniki alinitumia picha mbili WhatsApp, kabla na baada, meno ya mbele ya chini. Ya kwanza fizi zimevimba, nyekundu, damu inachuruzika, ya pili zimetulia kabisa. Chini kaandika: "Dokta, huu mwarobaini wa kusukutua ni kiboko ya kiseyeye, nimewapa watu ishirini wote wamepona, nataka nichapishe." Nikamuuliza, uliwakwangua ugaga (ule uchafu mgumu ulioganda kwenye meno) kwanza? Ndiyo dokta. Ukawaelekeza kupiga mswaki? Ndiyo. Sasa mwanangu, hapo kaponya nani, mwarobaini, mswaki, au mkono wako?

Akanyamaza kama dakika kumi hivi alafu akapiga simu, tukaongea mpaka bando likakata. Yale niliyomwambia ndo haya, nimeyapanga kwa hatua ili na wengine mnaotaka kujaribu tiba ya fizi kitafiti msianze kwa picha za kabla na baada.

(Kiseyeye chenyewe kwa usahihi ni ule ugonjwa wa kukosa vitamini C, ila mtaani fizi yoyote inayotoa damu ni kiseyeye, siwezi kugombana na mtaa mzima.)

Kabla ya yote: fizi inapona haraka kuliko unavyodhani

Mwaka 1965 kule Aarhus, Denmark, Harald Löe na wenzake walichukua watu 12 wenye fizi nzima wakawaambia waache kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote fizi zikavimba. Wakarudishiwa miswaki, na kwa kama wiki moja hivi fizi zikarudi sawa. Hakuna dawa yoyote hapo, ni utando wa bakteria juu ya meno tu umeondoka. Ungewapa uji wasukutue wiki ile ya mwisho ungeapa kwamba uji unatibu fizi.

Kwahiyo picha ya fizi iliyovimba ikatulia haisemi chochote kuhusu dawa. Na kuna fizi kuvimba tu, ambako kunarudi, na kuna ule ugonjwa wenyewe unaokula mfupa, fizi inaachia jino, mfuko (ule mwanya kati ya fizi na jino) unazama, jino linaanza kucheza. Mfupa ukishaliwa haurudi kwa kusukutua. Amua mapema unapima kipi, maana ukichanganya viwili hivi jibu lako halitakuwa na kichwa wala miguu.

Hatua ya 1: Andika swali moja, refu, lenye kila kitu ndani

Siyo "je mwarobaini unatibu fizi". Kijana nilimlazimisha aandike hivi: kwa watu wazima wenye mifuko ya milimita 5 na kuendelea, ambao wote wamekwanguliwa ugaga, je, kusukutua maji ya mwarobaini mara mbili kwa siku kwa wiki 4 kunaongeza chochote juu ya kukwangua, ukilinganisha na maji yenye rangi na uchungu uleule, tukipima miezi 6 baadaye?

Angalia hilo neno "juu ya". Ndo kila kitu. Hatulinganishi dawa na kukaa bure, kwa sababu kumnyima mtu kusafishwa wakati unajua kunasaidia ni dhambi, na kamati ya maadili itakutimua. Ule utafiti maarufu wa vibarua wa mashamba ya chai Sri Lanka, wanaume 480 waliofuatiliwa kuanzia 1970 hadi 1985 bila huduma ya meno, leo ungepita kwa tabu sana. Ila ulitufundisha jambo: kama asilimia 8 ugonjwa uliwala mbio, asilimia 81 taratibu, na asilimia 11 hawakuvuka hatua ya fizi kuvimba. Hali ileile, watu tofauti kabisa. Ukiwa na wagonjwa ishirini bila kundi la kulinganisha utajuaje kwamba hukuangukia wale wa bahati?

Hatua ya 2: Chagua watu ambao wana kitu cha kutibu

Watafiti Baelum, Fejerskov na Manji walipima watu wazima Machakos, Kenya, miaka ya 80 wakakuta ugaga na damu viko karibu kwa kila mtu, ila mifuko mirefu imerundikana kwa watu wachache na kwenye meno machache. Ukisimama foleni ya kliniki ukachukua kila anayetoa damu, wengi mifuko yao ni milimita 3, ambayo ni ya kawaida, na dawa hata iwe ya ajabu haina pa kupunguza. Weka sharti, mfano meno yasiyopungua manne yenye mfuko wa milimita 5 au zaidi unaotoa damu. Uliza sigara na kisukari na uandike. Mvuta sigara fizi zake zinatoa damu kidogo hata zikiwa zinaumwa, atakudanganya bila kukusudia. Aliyemeza antibayotiki miezi mitatu iliyopita muache kwanza.

Hatua ya 3: Pima mkono wako kabla hujapima dawa

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndo tafiti nyingi zinafia na hakuna anayeona maiti.

Kipimo chetu ni probu, ile sindano butu yenye alama za milimita, unaiteremsha kati ya fizi na jino hadi ikatae. Sita kwa kila jino, tatu upande wa shavu tatu upande wa ulimi. Inaonekana kazi rahisi. Sasa jaribu hivi: pima mtu leo, andika, funika karatasi, mpime tena baada ya saa moja bila kuangalia. Utaona sehemu uliyosema 5 sasa ni 4, uliyosema 4 imekuwa 5. Hujakosea, ndivyo kilivyo, probu imeelekea pembeni kidogo, imegonga ugaga, umekandamiza zaidi, na fizi iliyovimba ni laini probu inapenya zaidi ya pale mfuko unapoishia. Milimita moja kwenda juu au chini ni kosa la kawaida la mkono wa binadamu. Ndo maana watafiti wengi hawakubali kwamba sehemu moja imebadilika mpaka iwe milimita 2.

Kuna mtego mwingine hapohapo. Umechagua sehemu zenye 5 na kuendelea, si ndiyo? Baadhi ya hizo 5 kwa kweli zilikuwa 4, mkono tu ulizidisha siku ile. Ukirudi kupima zitashuka zenyewe, bila dawa, bila kukwangua, bila Mungu kuombwa. Kundi la kulinganisha nalo litashuka hivyohivyo, na ndo kazi yake kubwa, kukuonyesha kiasi gani cha "uponyaji" ni mkono wako.

Kwahiyo fanya hivi. Tafuta watu kama kumi ambao hawamo kwenye utafiti, wapime mara mbili, hesabu ni mara ngapi vipimo viwili vinalingana ndani ya milimita moja. Kama hufiki tisa kati ya kumi, rudi mazoezini. Kama mko wapimaji wawili, pimeni mtu yuleyule mlinganishe vipimo vyenu, bora hata abaki mmoja. Nguvu ya kukandamiza iwe kama gramu 20 hadi 25, chukua mizani ndogo ya jikoni ya kidijitali, gandamiza ncha ya probu juu yake mpaka mkono ukariri. Mimi nilipojaribu mara ya kwanza nilikuwa napita 50, na nilishapima watu miaka mitano. Dah.

Na usipime kina cha mfuko peke yake. Fizi iliyovimba ikinywea mfuko unapungua kwa sababu ukingo wa fizi umeshuka, siyo kwa sababu fizi imeshika jino. Pima pia kutoka pale shingo ya jino, enameli inapoishia, mpaka chini ya mfuko. Hiyo ndo inasema kama kweli kuna kilichoshika.

Hatua ya 4: Gawa kwa bahati nasibu, na ufiche bahasha

Kompyuta ichague nani anapata nini, siyo wewe, siyo nesi, siyo "leo jumatatu basi wote mwarobaini". Orodha akae nayo mtu asiyegusa wagonjwa. Weka majibu ya bahati nasibu kwenye bahasha zenye namba, zimefungwa, karatasi nene. Nasisitiza nene kwa sababu utafiti wangu wa kwanza tulitumia bahasha nyeupe za kawaida, na siku moja nikamkuta mwenzetu kaiinua moja kwenye taa anasoma, anataka mama mmoja mwenye hali mbaya apate dawa halisi. Roho nzuri kabisa. Utafiti ukawa umekufa palepale, maana wagonjwa wabaya walikuwa wanasukumiwa upande mmoja.

Wengine watakwambia tumia nusu mdomo, kulia dawa kushoto bila dawa, utaokoa idadi ya watu. Kwa jeli inayowekwa ndani ya mfuko inaweza kueleweka, japo bakteria hawana mpaka. Kwa dawa ya kusukutua sahau, maji yanazunguka mdomo mzima.

Hatua ya 5: Anayepima asijue

Kwa maji ya mwarobaini, tengeneza maji bandia yenye rangi na uchungu wa kufanana, chupa zilezile. Ukilinganisha na klorheksidini, dawa ya kusukutua ya kuua bakteria, kuna kasheshe, ile dawa inapaka meno rangi ya kahawia, mpimaji akifungua mdomo tu anajua. Dawa yake ni mtu mwingine kung'arisha meno nusu saa kabla mpimaji hajaingia. Wagonjwa pia waambiwe wasiseme ladha ya walichopewa, na hapo utashangaa wanavyosahau, "dokta ile dawa chungu!" ndo salamu yao ya kwanza.

Mtu akijua anaangaliwa atapiga mswaki kuliko maisha yake yote. Huwezi kuzuia hilo, ila likitokea kwa makundi yote mawili sawasawa halikuharibii.

Hatua ya 6: Hesabu watu, siyo mifuko

Mdomo wenye meno 28 una sehemu 168 za kupima. Watu ishirini, sehemu 3,360. Kijana wangu alitaka kuziingiza zote kwenye Excel kama vile ana wagonjwa elfu tatu! Mifuko ya mtu mmoja ina mate yaleyale, sukari ileile, mswaki uleule, haijitegemei. Rahisi kabisa: tafuta wastani wa kila mtu, alafu linganisha watu.

Na wangapi? Tuseme unatafuta tofauti ya nusu milimita kati ya makundi, na watu wako wanatofautiana kwa mtawanyiko (standard deviation) wa milimita 1. Kwa kawaida ya asilimia 80 ya nguvu (uwezekano wa kuiona tofauti kama kweli ipo) na 5 ya kukosea (kuona tofauti isiyokuwepo), unahitaji kama 63 kila kundi. Wengine watahama mji, wataona wamepona wasirudi, ukitarajia mmoja kati ya watano apotee andikisha 79 kila upande. Siyo ishirini. Nilisikia akihema kwenye simu.

Nusu milimita yenyewe nayo iulize maswali. Kukwangua peke yake, kwa mapitio ya tafiti yaliyofanywa na Cobb 1996, kunashusha mifuko ya milimita 4 hadi 6 kwa wastani wa kama 1.3, na ya 7 kwenda juu kama 2.2. Kwahiyo mtu akikwambia dawa yangu imeshusha milimita 2, muulize na waliokwanguliwa tu walishuka ngapi. Mimi napenda zaidi kuhesabu mifuko iliyofunga, yaani imebaki 4 au chini na haitoi damu, kwa sababu hiyo ndo inaniambia kama mgonjwa anahitaji upasuaji au la.

Hatua ya 7: Karatasi za serikali

Hii ifanye mapema, nimeiweka huku sababu inachosha. Tanzania bara maadili ni NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na kama ni dawa inajaribiwa kuna TMDA pia, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kenya kamati ya maadili na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Sajili jaribio PACTR, daftari la majaribio ya tiba la Afrika nzima lililoko Afrika Kusini, kabla ya mgonjwa wa kwanza, na humo useme wazi kipimo chako kikuu ni kipi. Ukishaandika huwezi tena kuvua samaki kwenye data mpaka upate kinachong'aa.

Hatua ya 8: Subiri, kisha andika hata kama hakuna kitu

Usipime wiki ya pili ukafurahi. Miezi 3 ni mapema kidogo ila inakubalika, 6 ni bora, mwaka ndo utajua kama kilichopatikana kimebaki. Andika na madhara: waliotapika, waliobabuka ulimi, walioacha katikati na kwa nini. Waliopewa mwarobaini lakini hawakusukutua bado unawahesabu kundi la mwarobaini.

Na ikitoka hakuna tofauti, chapisha hivyohivyo. Uingereza walifuatilia watu 1,877 kwenye kliniki 63 kwa miaka 3, wengine wanasafishwa kila miezi 6, wengine kila mwaka, wengine hawasafishwi kabisa, kwa watu wasio na ugonjwa mkali damu ya fizi haikutofautiana. Madaktari wengi hawakupenda. Marekani 2006 wakatibu fizi za wajawazito kwenye utafiti wa wanawake 823, fizi zikapona vizuri tu lakini kuzaa kabla ya wakati hakukupungua. Majibu ya aina hiyo yameokoa hela nyingi kuliko picha zote za kabla na baada.

Kijana amenitumia ujumbe leo asubuhi. Mwarobaini kaweka pembeni kwanza, kaazima mizani ya jikoni kwa mama yake, anauliza kama akifikisha gramu 30 inakubalika. Nimemwambia hapana, rudia.