Taa ya LED ya kuvulia dagaa: waya na joto

Kwa taa za dagaa za kujiundia, joto ni adui mkubwa kuliko maji. Fundi anaogopa mawimbi, anafungia kila kitu ndani ya ndoo ya plastiki, joto linakosa pa kutokea na LED zinaungua.

Taa hii ina LED nyeupe 12 za wati 1, zile zilizokwisha bandikwa kwenye vibao vidogo vya alumini vyenye umbo la nyota, kwa betri ya volti 12.

Ziunge tatutatu kwa mfululizo, upate minyororo minne. Kila LED hula karibu volti 3.2, hivyo mnyororo hula 9.6. Zinazobaki zibebwe na rezista (kifaa cha kuzuia mkondo usizidi) ya omu 10, wati 2. Betri ikiwa imejaa, yaani volti 12.6 hivi, mkondo utakuwa kama ampea 0.3, na LED hizi mwisho wake ni 0.35. Rezista ndogo ya robo wati usiiguse: hapa inabeba karibu wati 0.9, itaungua.

Kila mnyororo uwe na rezista yake. Ukiweka moja kwa yote minne, mnyororo wenye volti ndogo hunyonya mkondo mwingi, hupata moto, volti zake hushuka zaidi, nao huzidi kunyonya mpaka ufe. Mzigo wake unawaangukia wenzake.

Jumla ni ampea 1.2. Betri ya Ah 18 (ampea-saa, yaani ujazo wake), ukitumia nusu yake, inakupa saa saba hivi. Waya wa mm² 1.5 unatosha, na fyuzi ya ampea 2 ikae kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Usiwashe taa betri ikiwa kwenye chaji: volti zikifika 14.4, mkondo unapita 0.4.

Sasa bamba la kupoza LED. Chukua alumini ya mm 3, sm 15 kwa 20. Piga msasa, kisha kila LED ipate grisi ya kupitisha joto kiasi cha punje ya mchele, si zaidi. Kazi yake ni kujaza mianya tu, na ikiwa nene inazuia joto. Kaza kwa skrubu zenye washa za plastiki, maana kichwa cha skrubu kikigusa lehemu umepiga shoti. Pima kwa mita iliyowekwa kwenye mlio, kati ya bamba na kila ncha ya LED: isilie.

Mbele funika kwa plastiki angavu na silikoni isiyonuka siki (ile inayonuka hula shaba). Mgongo wa bamba uache nje, ukitazama juu, upigwe na upepo wa ziwa. Waya uning'inie chini kidogo kabla ya kuingia, maji yadondokee hapo.

Washa saa nzima nchi kavu, kisha shika mgongo. Kidole kikishindwa kukaa sekunde tano, ongeza alumini. LED tatu zikizimika pamoja, tafuta moja iliyokatika au lehemu iliyoachia kwenye mnyororo huo.