Kuweka i7 kwenye Dell OptiPlex 7010 ya zamani

Ka una hizi kompyuta za mezani OptiPlex 7010 za mtumba kutoka Uingereza yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel i3-3220 na inakusumbua kwa kuwa slow, hiyo prosesa inabadilishika ukaweka i7. Ila cheki kwanza ka bado inatumia hard disk (HDD), maana ka ndo hivyo anza na SSD (diski ya kisasa yenye kasi) kabla ya yote, i7 juu ya diski iliyochoka ni kutupa hela tu.

Soketi yake (pale prosesa inapokaa) ni LGA 1155, inapokea prosesa za Intel Core jenerasheni ya 2 na ya 3. Chukua i7-3770, kori 4 thredi 8. Muuzaji akikwambia i7-4770 ni mpya zaidi we kataa, hiyo inakaa LGA 1150, haiingii hata ufanyeje. 3770 inakula wati 77, so ka kasha lako ni lile dogo kabisa la USFF tafuta 3770S ya wati 65.

Washa mashine dakika kadhaa ili pesti ya zamani (ile inayopitisha joto la prosesa) ilainike, zima, chomoa waya wa umeme alafu bonyeza batani ya kuwashia umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha utoe umeme tuli mwilini. Chomoa waya wa feni, legeza skrubu nne za hitisinki (chuma cha kupoza prosesa), zungusha kidogo kushoto kulia ndo unyanyue, usivute kwa pupa. Futa pesti yote kwa spiriti.

Sasa hapa ndo watu wanaua bodi. Kwenye Intel hizi vipini (pini ndogo ndogo) viko kwenye soketi, sio kwenye prosesa, na ni laini balaa, kidole kikigusa au prosesa ikidondokea upande vinapinda na kuvinyoosha ni kazi ya sindano na macho makali. Fungua kishikio, toa prosesa ya zamani, shika mpya pembeni, linganisha zile pengo mbili na soketi, iweke taratibu ikae yenyewe bila kusukuma. Kishikio kitakuwa kigumu kurudi na kitalia lia, usiogope ni kawaida.

Pesti ndogo tu katikati, saizi ya punje ya choroko. Rudisha hitisinki, kaza skrubu kwa kukatiza kona, kidogo kidogo, alafu rudisha waya wa feni, huo wengi wanausahau.

Washa ukibonyeza F2 uingie BIOS (kurasa za mipangilio ya mashine), jina la 3770 linatakiwa lionekane. Ikigoma kuwaka, zima, chomoa umeme, toa prosesa uangalie vipini kwa tochi kabla hujaanza kumlaumu muuzaji.