Namna ya kuona michoro iliyofifia ya Kolo

Ukifika Kolo, wilayani Kondoa, kutazama michoro ya miambani ambayo imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006, piga picha kwa simu bila kuwasha taa ya kamera, kisha ingia sehemu ya kuhariri picha na ukoleze rangi hadi karibu na mwisho. Michoro mingi ya kale ilichorwa kwa rangi nyekundu yenye madini ya chuma, na wekundu huo ukikolezwa hujitenga na kijivu cha jiwe, hata miguu myembamba ya mnyama au nywele za watu warefu waliochorwa hapo, ambazo jicho lilizipita, zikajitokeza kwenye kioo cha simu. Mwamba uwe kivulini, kwani jua likiupiga moja kwa moja tofauti hizo hupotea. Kwa michoro myeupe, ambayo ni ya baadaye, mbinu hii haisaidii sana. Nakusihi pia usimwagie mwamba maji ili mistari ionekane, kama wafanyavyo baadhi ya wageni, kwa sababu maji huiharibu rangi yenyewe, na hiyo hairudishiki.