Mafua ya Mzio: Namna ya Kuyadhibiti Pamoja na Daktari na Mfamasia Wako

Daktari humwona mgonjwa wa mafua ya mzio kwa dakika chache, lakini mgonjwa hukaa na pua inayowasha na kuziba kwa miezi. Anayoyajua kuhusu pua yake ni sehemu ya tiba, na yasipomfikia daktari, dawa huandikwa kwa kubahatisha.

Hatua ya kwanza: kwa wiki mbili, andika kila jioni dalili ulizopata, mahali ulipokuwa, dawa uliyotumia, na alama kuanzia 0 hadi 10 kwa kadiri ulivyosumbuka. Mwongozo wa kimataifa wa mafua ya mzio na athari zake kwa pumu, uitwao ARIA, wa mwaka 2001 huyahesabu mafua haya kuwa ya kudumu yakizidi siku 4 kwa wiki kwa zaidi ya wiki 4. Ndiyo maana neno "mara nyingi" halimtoshi daktari.

Hatua ya pili: taja dawa zote, hata za mitishamba, na usisahau kifua kubana au kikohozi cha usiku, kwani mzio wa pua na pumu huandamana mara nyingi.

Hatua ya tatu, ambayo kwangu ndiyo kuu: puliza dawa yako ya pua mbele ya mfamasia. Inamisha kichwa mbele kidogo, tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa tundu la kulia, elekeza ncha upande wa nje, mbali na ukuta wa katikati, kisha vuta hewa polepole. Dawa ikiteremka kooni, huenda umevuta kwa nguvu mno. Nasi wafamasia tuna deni hapa: kumkabidhi mtu kichupa bila kumwonyesha matumizi ni kuiacha kazi njiani.

Hatua ya nne: kubalianeni tarehe ya kurudi, uende na daftari lako.

Maswali ya wanachama

*Nimepuliza puani dawa ya steroidi, ile ya kupunguza uvimbe, siku tatu bila nafuu. Niache?*
Usiache, ndugu. Huweza kuchukua hadi wiki 2 za matumizi ya kila siku kufikia nguvu yake kamili.

*Dawa ya kuzibua pua papo hapo hunifaa zaidi. Nimeitumia mwezi mzima.*
Hiyo isizidi siku 5, kwa sababu baadaye yenyewe ndiyo huiziba pua. Mweleze daktari bila kuona haya, akupangie namna ya kuiacha.

*Nitapimwa mzio kwenye ngozi. Niendelee na vidonge?*
Vidonge vya mzio huficha majibu, hivyo husimamishwa siku kadhaa kabla. Kliniki itakwambia ni ngapi. Dawa ya pumu usiisimamishe kwa uamuzi wako.