Mkono ukigoma kushona: namna nilivyorudi kwenye mfarishi wa viraka

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Sare za shule, magauni ya harusi, kupunguza suruali: hizo ndizo kazi zinazolisha nyumba. Ninachokipenda mwenyewe ni mfarishi, lile tandiko la tabaka tatu: juu viraka vilivyoungwa, katikati blanketi kuukuu, chini kanga nzima au shuka. Joto la huku halitaki mfarishi miezi mingi ya mwaka, kwa hiyo mingi ninayoshona hupanda Lushoto kwa dada yangu, ambako mwezi wa sita na wa saba mtu analala na soksi.

Mwaka 2021 hamu ilinitoka kabisa, na kwa karibu miaka miwili haikurudi. Nilikuwa nimepokea kazi ya nyumba ya wageni moja: mifarishi 6, yote sawasawa, bluu na nyeupe. Mfarishi wa kitanda cha futi tatu kwa sita unataka viraka 12 kwa 16, yaani 192. Sita ni viraka 1,152, rangi mbili tu, siku nenda siku rudi. Walichukua minne, miwili wakaikataa kwa sababu bluu yake ilipishana kidogo na ile mingine, na fedha nilizifuata miezi mitatu. Baada ya hapo nikishika kiraka tu, mabega yananiuma hata kabla sijakaa.

Kushona niliacha, kukusanya vitambaa sikuacha. Nikienda Dar sirudi bila kupita Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kuchukua kitenge. Hapo ongeza sare za harusi za ukoo, kitenge cha Siku ya Wanawake cha kila Machi, sare ya kikundi cha vikoba, na mabaki ya wateja. (Mabaki muombe mwenyewe. Usinyamaze nayo. Jina baya la mafundi limeanzia hapo.) Mwisho nikawa na viroba vitano vya sandarusi, vitatu chini ya kitanda na viwili nyuma ya mlango, na kila nikiviona najiona kama ninadaiwa.

Nilikuwa nangoja hamu irudi ndipo nishone. Haikuja. Kilichoniziba ni vile viroba vyenyewe, na ndiyo maana maelezo haya yanaanza na vitambaa, cherehani baadaye.

Fungua kiroba kimoja. Kimoja tu, na vingine usiviguse hata kama mkono unawasha. Chagua asubuhi ya jua, tandika mkeka barazani, mwaga vyote. Pwani yetu ina unyevu, na sandarusi iliyofungwa haipumui, kwa hiyo jiandae kwa utakachokikuta. Mimi nilikuta panya amezaa ndani ya kitenge cha njano cha harusi ya binamu yangu, amekitafuna katikati akatengeneza kiota cha nyuzi laini kabisa. Nilikaa chini nikalia, kisha nikakata pembe nne zilizobaki nzima. Zilitoa viraka 11. Madoa meusi ya ukungu mara nyingi hayatoki, usipoteze siku kuyasugua. Kata, ubaki na kizima. Vilivyo salama vikung'ute na vianike kwa ndani-nje ili jua lisile rangi ya usoni, saa mbili zinatosha.

Sasa gawa mafungu. Usigawe kwa rangi! Kupanga rangi ni kazi tamu, inakula siku nzima, na jioni hujashona kitu, ila unajisikia umeshona. Gawa hivi: vitambaa ambavyo ukivigusa vidole vinataka kuendelea kuvigusa, vitambaa unavyovitunza kwa sababu ni vizuri mno kukatwa, na vitambaa unavyovitunza kwa aibu tu, kwa kuwa ulivilipia au ulipewa na mtu.

Fungu la tatu litoke nyumbani siku hiyohiyo. Kabla halijatoka, vuta uzi mmoja kwenye kila kitambaa, uuchome kwa kiberiti. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na majivu yake yanasagika vidoleni. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Poliesta ndani ya mfarishi inateleza, inakataa pasi, inavuta mshono. Mimi za poliesta nilimpa jirani yangu wa ukuta mmoja akafanya madekio. Za pamba zilizokuwa za aibu alichukua mwanafunzi wangu wa ufundi, naye alizifurahia kweli, jambo ambalo mimi sikuwahi kulifanya.

Fungu la pili ndilo lililobeba ugonjwa wote, na hapo nitakaa kidogo.

Mimi nilikuwa na kisutu (kanga ya bibi harusi) cha harusi yangu, 1994: nyekundu iliyoiva, nyeusi na nyeupe, doti kamili. Nilikivaa siku zangu za uharusi, nikakikunja, nikakiweka kwa ajili ya mfarishi mkubwa nitakaoushona siku nikiwa fundi wa kustahili kukikata. Miaka 29 ikapita. Asubuhi ile ya kiroba nilikikunjua, nikaona kila palipokuwa na mkunjo pamepauka mstari mmoja mwembamba. Nikakiinua kuelekea juani. Kwenye ule mstari nuru ilikuwa inapenya, nyuzi zimeanza kuachana. Nilidhani nakitunza, kumbe nakivunja mahali palepale, mwaka baada ya mwaka.

Basi nilichukua mkasi. Nilianza kwenye pindo, pale penye rangi nzito, na mlio wa mkasi kwenye pamba kuukuu si ule wa kitenge kipya chenye wanga. Kitenge kipya kinalia kraa, hiki kilipita kimya kama unakata jani lililonyauka. Niliiruka mistari ya mikunjo yote nikapata viraka 61 vizima kutoka kanga moja. Ile ya pili ya doti niliiacha. Ukikata kimoja ukaacha kimoja, moyo unakubali.

Kwa hiyo nakushauri: kitambaa unachokiogopa kuliko vyote ndicho ukikate kwanza, kabla ya vile rahisi. Woga ukibaki kirobani utaendelea kukuchungulia kila unapokaa kushona. Kama ni kanga yenye jina, usipasue maneno. Kata ukanda mzima wa maandishi, uupige pasi, uuweke kando. Baadaye unaushona mgongoni mwa mfarishi, uwe ujumbe kwa atakayejifunika. Wa dada yangu una "Wema hauozi" mgongoni, na alipoupata aliusoma kwanza kabla hajageuza kuona viraka. Na vile usivyovikata leo, kila baada ya miezi mitatu vikunjue, uvikunje upya kwa mistari mingine.

Kisha fanya hesabu, maana iliniponya ununuzi. Kanga ya sentimita 110 kwa 150 ukiikata bila kubagua inatoa viraka 88 vya inchi tano. Doti moja ni 176. Mfarishi wa kitanda cha futi tatu ni 192. Kumbe doti moja na kipande, basi! Nilipokaa na daftari nikahesabu kiroba kimoja tu, nilikuwa na mifarishi saba humo ndani. Tangu siku hiyo Kariakoo nanunua uzi na sindano.

Kabla ya kukata, loweka kila kitambaa peke yake kwenye maji baridi. Kitenge kipya kina wanga, na kikioshwa kinarudi, yaani kinasinyaa kidogo. Afadhali kirudi kwenye beseni kuliko kirudi ndani ya mfarishi. Nyekundu, nyeusi na buluu ya kukolea badilisha maji hadi yatoke meupe. Halafu weka kitambaa cheupe kilicholowa juu yake, bonyeza kwa pasi ya moto. Cheupe kikipata rangi, rudi kwenye beseni. Kisutu changu kilichukua maji mara tisa. Kama unatumia pasi ya mkaa, sugua kitako chake kwenye jani bichi la mgomba kwanza, masizi yasikuharibie kazi.

Cherehani nayo iangalie, kwa kuwa mara nyingine tunasema hamu imeisha kumbe ni mashine imekuwa nzito. Yangu ni Singer ya miguu. Miaka miwili imekaa, mafuta yameganda, kanda limelegea, na chini ya sahani ya sindano palikuwa na vumbi la nyuzi limeshikana kama sufi. Fungua, safisha kwa brashi kavu, tia mafuta matone machache, zungusha gurudumu kwa mkono hadi liwe jepesi. Kanda likiteleza, lipunguze kipande kidogo uliunge tena. Weka sindano mpya, namba 14. Gharama yake ni ndogo, na tofauti utaisikia kwenye goti.

Sasa shona kitu kidogo. Si mfarishi. Viraka 16, vinne kwa vinne. Kata kipimo chako kwenye mfuniko wa ndoo ya plastiki, inchi tano kila upande. Kipimo cha boksi kinaisha pembeni na viraka vinaanza kutofautiana. Shona kwa upana wa robo inchi, yaani ukingo wa kitambaa ukimbie sambamba na ukingo wa mguu wa cherehani. Kila kiraka kitabaki inchi nne na nusu, na 16 vitakupa mraba wa inchi 18: uso wa mto mmoja wa kochi. Usivipange rangi. Vifunge ndani ya mfuko, ingiza mkono, toa viwili, shona. Toa viwili vingine, shona. Mstari wa kwanza laza mishono kulia, wa pili kushoto, ikikutana haitafanya kinundu.

Hii ya kutochagua rangi inawakera mafundi wenzangu, wanaona ni uzembe. Mimi nilikuwa nimekata viraka 1,152 vya rangi nilizochaguliwa na mtu. Nilihitaji kushangaa tena. Kiraka cha nane nilichotoa mfukoni kilikuwa cha kijani cha vikoba, kikaangukia karibu na kisutu. Nisingewahi kuviweka pamoja. Vilipendezana hadi nikamwita jirani aje aone, saa tatu usiku, taa ya barazani.

Muda: nusu saa, baada ya vyombo kuoshwa, na kazi za wateja ziwe zimekwisha kufunikwa kwa shuka. Nilikuwa nafanya kosa la kukaa kwenye kiti kilekile, mkono ule ule uliochoka na mashati ya watu. Nikahamisha cherehani ikatazama mlango badala ya ukuta. Nusu saa ikifika, inuka hata kama utamu umekolea, tena hasa ukiwa umekolea. Acha kiraka nusu chini ya sindano. Kesho hutakaa ukijiuliza uanzie wapi.

Usifumue kitu mwezi wa kwanza. Pembe zisipokutana, ziache.

Mto wa kwanza ukiisha, shona wa pili. Mimi nilishona minne ndipo nikajikuta naulizia blanketi kuukuu mtaani, na hapo nilijua mkono umerudi. Kwa atakayefika hapo: tandaza mgongo chini, uso wa kitambaa uangalie sakafu, blanketi juu yake, viraka juu ya vyote. Piga bandi (mishono mirefu ya muda) kwa mkono, mistari iachane shubiri moja, ukianzia katikati kwenda nje, vinginevyo mgongo utajikunja na hutauona hadi umalize. Halafu cherehani ipite kwenye mistari ya viraka. Blanketi linavumilia mistari iliyoachana. Sufi haivumilii, inakimbilia pembeni na kufanya mabonge; ukitaka sufi, mistari ikaribiane, au uiachie mito. Pembeni funga kwa ukanda wa inchi mbili na nusu uliokunjwa katikati kwa urefu.

Maagizo ya watu ya mifarishi sasa napokea mmoja kwa mwaka, na rangi nachagua mimi. Mteja asiyekubali namwelekeza kwa fundi mwingine, kwa heshima, na magauni yake naendelea kumshonea. Ile miwili ya bluu iliyokataliwa niliifumua mgongo mwezi wa tano mwaka 2023, nikakata nyuso zake vipande vipande, nikavitia kwenye mfuko pamoja na kisutu na ile njano iliyonusurika kwa panya. Ukatoka mfarishi mmoja, ukapanda basi la Lushoto mwanzoni mwa mwezi wa sita, ukafika kabla mtoto wa mpwa wangu hajatimiza arobaini.

Viroba viwili nimevimaliza. Cha tatu nitakifungua mvua za vuli zikikatika.